Salamu za Jozi ya Kumi na Saba

Kwa asubuhi ya tatu mfululizo Jozi ya Kumi na Saba iliulizwa kama iko tayari kuhama, na kwa asubuhi ya tatu mfululizo ikageuza mikia na kurudi kula.

Mkasi Faki aliyaona hayo kwenye kioo cha miwani yake, akiwa amekaa ukingoni mwa jukwaa la kituo cha utafiti huku miguu ikining'inia juu ya maji. Mikono yake ilikuwa ndani ya glovu zilizoshonwa nyaya. Mita nne chini, kivuli, yaani yule samaki wa mpira na betri anayefuata kila anachofanya Mkasi kwa vidole, kilikuwa bado kimelala ubavu kwa namna ya kuuliza. Kilibaki hivyo kama mgeni aliyebisha hodi, akasikia watu ndani wakizungumza, na asifunguliwe.

"Wamekataa," alisema.

"Wamekataa au hawajaelewa?" Injinia Mbarouk aliuliza nyuma yake. Yeye ndiye aliyeviunda vivuli vyote vya kituo, na hakupenda kuviona vikidharauliwa.

"Nina miaka kumi na moja kwenye kazi hii, Injinia. Wameelewa vizuri sana. Hawataki."

Kipimajoto cha mwamba kilisoma nyuzi thelathini na nukta nane. Satelaiti zilikwishasema kwamba mkanda wa maji moto ungefika keshokutwa, nyuzi thelathini na tatu, na kwamba ungekaa wiki sita. Matumbawe yangepauka kwanza, kisha yangekufa. Na kitatange, samaki yule bapa wa manjano mwenye mistari myeusi, halili kitu kingine ila matumbawe yaliyo hai. Angekufa njaa katikati ya bahari iliyojaa chakula cha wenzake. Mkasi aliwahi kuhesabu mwamba uliokufa namna hiyo, jiwe kwa jiwe.

Jozi zilikuwa arobaini na moja. Kilomita nne kutoka hapo, mahali panapoitwa Bondeni, maji baridi hupanda kutoka vilindini, na huko watu wa kijiji na wataalamu walikuwa wamejenga mwamba mpya kwa miaka tisa, wakamwaga mawe ya chokaa na kuyapandikiza matumbawe yanayostahimili joto. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa wenye nyumba.

Asiyeijua bahari atauliza: si mngewavua tu mkawapeleka kwa ndoo? Walijaribu katika mwamba mwingine, miaka mitano nyuma. Samaki mia na ishirini walibebwa wakiwa wazima, wakamwagwa kwenye mwamba mzuri kuliko wao, na siku ya pili wote wakashika njia ya kurudi kwao, juu ya mchanga mtupu, mizia, samaki wale warefu walao wenzao, wakiwangoja kwa meno. Kitatange hukaa pale alipofika kwa macho yake mwenyewe, mwenziwe akiwa ubavuni. Kuletwa hakumwingii akilini.

Tena kulikuwa na Sheria ya Kauli. Tangu mashine zilipozifumbua ishara ambazo vitatange hupeana mume na mke, iliamuliwa kwamba kiumbe ambaye ishara zake zinajulikana hahamishwi kabla ya kuulizwa asubuhi tatu. Kivuli kinachouliza sharti kivae mkanda mweupe mkiani, ili anayeulizwa ajue kwamba huyu si wa kwao. Na mkalimani ndiye anayetia sahihi. Kwa mwamba huu mkalimani alikuwa Mkasi, peke yake.

Alibaki akiwatazama. Dume alimwita Kidoa, kwa sababu ya doa jeusi lililochanika kwenye pezi lake, na jike alimwita Siti. Kila alfajiri wawili hao walitoka katika nyufa zao, wakazungukana duara, wakainama ubavu mmoja kisha wa pili, na Siti akamaliza kwa kupiga mkia mara mbili. Jozi nyingine zilimaliza vingine. Ile ilikuwa yao. Baada ya hapo Kidoa hupanda juu kidogo akalinda, Siti akala.

Kilichomvutia Mkasi katika lugha hiyo si uzuri wake. Mashine zilikuwa zimenasa ishara zaidi ya milioni mbili, na haikupatikana hata moja ya uongo baina ya mume na mke. Kitatange akisema kuna hatari, basi ameiona. Akisema njoo, pana chakula. Mkasi alikuwa na mashangazi wawili wasioweza kumaliza salamu bila kupachika uongo wa tatu, kwa hiyo jambo hilo alilithamini.

*

Bi Raya Makame alifika kwa boti saa tatu. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mwamba, mkulima wa mwani mwenye mikono iliyokakamaa kwa chumvi, na hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Nimesikia wamekataa."

"Shikamoo, Bi Raya."

"Marahaba, mwanangu. Wamekataa?"

"Wote arobaini na moja."

Bi Raya aliketi juu ya kreti, akavua ushungi akajipepea nao. "Miaka tisa watu wangu hawajatia mtego hapa. Miaka tisa tunawaambia, subirini, Bondeni itakuwa hai, mtavua pembeni yake nyinyi na wajukuu zenu. Sasa nikasimame mbele yao niseme nini? Niseme samaki hawataki?"

"Ndivyo ilivyo."

"Watanicheka mpaka niingie kaburini."

Mbarouk alikohoa. Alikuwa amebeba sanduku la bati, akaliweka mbele yao na kulifungua kwa uangalifu wa mtu anayefunua chakula. Ndani, juu ya sponji, alilala Siti. Mkasi alishtuka hata akageuka kutazama majini. Mistari yote ilikuwa ile ile, hata kovu dogo chini ya jicho, na mkiani hapakuwa na mkanda mweupe.

"Hiki nini, Injinia?"

"Jawabu," alisema Mbarouk. "Tunamtoa Siti kwa wavu mdogo, tunamweka kwenye tangi la boti. Kivuli kinashika nafasi yake. Kidoa anamfuata mkewe mpaka Bondeni. Tukifika tunamwachia Siti wa kweli, tunavuta kivuli, basi. Saa tatu tu za uongo, na wanaishi miaka yao yote iliyobaki."

"Sheria inakataza."

"Sheria inaruhusu kwa dharura ikiwa mkalimani atatia sahihi. Nimeisoma mara nne."

"Basi mkalimani hatatia."

"Mkasi, yakhe, hebu nisikilize." Sauti yake ilishuka. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomsumbua Mkasi. "Mtoto akiwa ndani ya nyumba inayoungua, amejificha uvunguni, hataki kutoka. Utamwuliza asubuhi tatu?"

"Nitamvuta mguu. Lakini sitajifanya mimi ni baba yake aliyekufa."

"Hata kama sauti ya babake ndiyo pekee anayoitii?"

Mkasi aliutazama mwamba chini yake, matumbawe ya kahawia na ya zambarau, na akilini yakawa meupe kama mifupa. Yeye aliwahi kuiona rangi hiyo na hakutaka kuiona tena.

"Heri nusu shari kuliko shari kamili," alisema Bi Raya taratibu. "Lakini sahihi ni yako, mwanangu. Mimi sikulazimishi, na baadaye sitasema kwamba sikukuomba."

"Jozi moja," Mkasi alisema mwishowe, na sauti yake mwenyewe ikamchukiza. "Tuijaribu kwa jozi moja. Vivuli vingine arobaini, kama vipo, vikae sandukuni mpaka niseme."

Ndipo akajua kwamba Mbarouk alikwishaviunda vyote, kwani hakuna aliyemkanusha.

*

Siti alinaswa saa tano kasoro robo, alipoingia katika ufa kutafuta chakula. Kidoa alikuwa amegeuka upande wa pili akimfukuza mgeni mpakani. Ilichukua pumzi nne. Aliporudi, aliyetoka katika ufa ule alikuwa Mkasi.

Alikuwa kwenye boti sasa, amelala kifudifudi juu ya godoro jembamba, miwani usoni, glovu mikononi. Mbarouk alishika usukani. Katika tangi nyuma yao Siti alikuwa akigonga kioo kwa pua, tik, tik, tik, na Mkasi alitamani mtu aifunike sauti ile kwa kitambaa.

Kidoa alimjia. Alisimama umbali wa shibiri moja, akatazama. Kutengana kwa muda mfupi tu huwalazimu kusalimiana upya. Akaanza kuzunguka.

Mkasi alizunguka naye. Aliinama ubavu wa kulia, akainama wa kushoto. Kisha akapiga mkia mara mbili.

Kidoa akalegea. Mtu asiyewajua asingeona kitu, lakini Mkasi aliona mapezi yake ya juu yakilala, na alijua maana yake: nimekuona, tuko sote. Moyo ulimpasuka na kufurahi kwa wakati mmoja. Alikuwa ametia uongo wa kwanza katika lugha ile, na uongo huo ulikuwa umetamkwa vizuri.

"Anakuja?" Mbarouk aliuliza.

"Anakuja. Twende polepole."

Ukingoni mwa mwamba, pale mawe yanapokwisha na mchanga kuanza, Kidoa alisita. Hakuwahi kuvuka mstari ule maishani. Mkasi alifanya ishara ya salama, mwili wima, mapezi chini. Kidoa alitazama mchanga, akamtazama yeye, akavuka.

Walikwenda hivyo kilomita nzima, ya pili, ya tatu. Mchanga chini yao ulikuwa mweupe usio na pa kujificha. Muda wote Kidoa aliogelea upande wa nje, upande wa bahari kuu, akimkinga. Mkasi alijaribu kubadilisha nafasi, kwani kivuli hakiliwi, ila Kidoa huliwa, lakini kila alipopita nje Kidoa alizunguka na kumrudisha ndani.

Mzia alitokea kwenye kilomita ya tatu. Alikuwa mrefu kama mkono wa mtu mzima, amesimama tu majini, anatazama.

"Usisimame," Mbarouk alinong'ona, kana kwamba mzia angemsikia.

"Nyamaza."

Kidoa alijitokeza mbele, akasimamisha miiba yote ya mgongo, akajifanya mkubwa mara mbili. Alikuwa na urefu wa kiganja. Mkasi alikibana kivuli chini ya tumbo la Kidoa na jasho likamwingia machoni asiweze kulifuta. Mzia alifungua kinywa, akakifunga, akaenda zake kwa sababu anazojua mwenyewe. Mkasi alikuta meno yake yameuma sponji ya godoro.

Walifika Bondeni saa nane. Matumbawe yalikuwa hai, maji yalikuwa nyuzi ishirini na saba, na Mbarouk alipiga kelele ya furaha akapiga ubavu wa boti kwa ngumi. Kidoa alichagua jiwe, akalizunguka mara mbili akilikagua, kisha akapanda juu kidogo na kugeuka nje. Analinda. Anangoja mkewe ale.

Mkasi aligeuza kichwa kuelekea usukani.

"Injinia. Kivuli kinakula?"

"Kinakula nini?"

"Nakuuliza, kinaweza kula? Kinaweza kung'ata jiwe?"

Watu kumi na mmoja wa kituo, wenye shahada zao, walikuwa wamepima mistari ya Siti, rangi yake chini ya jua na chini ya wingu, mwendo wa kila pezi. Hakuna aliyekumbuka kumpa kinywa. Na Mkasi, aliyeona kila siku kwa miaka kumi na moja kwamba jike hula kwanza, alikuwa ameizoea hali hiyo hata akaacha kuiona. Yeye alisoma ishara. Kula hakukuwamo katika kamusi.

Kidoa alingoja. Alishuka, akamsukuma kivuli kwa ubavu kuelekea kwenye tumbawe, akapanda tena. Hakuwa ameonja kitu tangu alfajiri. Nusu saa ilipita, ikawa saa nzima. Alishuka, akasukuma, akapanda. Mapezi yake yalianza kuchoka.

"Betri imebaki dakika arobaini," alisema Mbarouk.

"Mtoe Siti. Mwachie sasa hivi."

*

Walimteremsha kwa mfuko, mita kumi kutoka kwenye jiwe. Siti alitoka akiwa amepauka kwa hofu, akazunguka mara moja bila kujua aliko, kisha akamwona mumewe. Alikwenda mbio. Akaanza duara, akainama kulia, akainama kushoto, akapiga mkia mara mbili.

Kidoa akamrukia. Akamchoma kwa miiba, akamfukuza mpaka nyuma ya jiwe la tatu, akarudi haraka kwenye ulinzi wake. Mke alikuwa naye tayari. Huyu aliyekuja na salamu za nyumbani kwake hakuweza kuwa mwingine ila mwizi.

"Ondoa kivuli," alisema Mbarouk. "Kivute tu."

"Atakifuata."

"Basi kizime."

"Kikizimika kitaanguka mbele yake kama maiti, na atakaa kukilinda mpaka afe. Umemwona. Unadhani hatafanya?"

Mbarouk alijishika kichwa. Siti alirudi, akafukuzwa tena, safari hii magamba mawili ya manjano yakaelea majini. Dakika ishirini na sita. Mkasi alijua njia moja tu, na aliichukia kabla hajaifanya. Sharti Kidoa aache kumpenda huyu aliye mbele yake. Sharti mkewe amkatae.

Alisimamisha miiba ya kivuli. Akainamisha kichwa kwa namna ya adui. Akampiga Kidoa ubavuni.

Kidoa hakupigana. Alirudi nyuma kidogo, akakaa, kisha akaanza kuzunguka. Alikuwa akimsalimia. Pengine alidhani wametengana bila yeye kujua, na kwamba salamu ingerekebisha mambo.

"Niwie radhi," Mkasi alisema kwa sauti, machozi yakijaa ndani ya miwani hata asione vizuri. Akampiga tena. Kidoa aliinama kulia, akainama kushoto, akangoja mkia upigwe mara mbili. Mkasi akampiga mara ya tatu, kwa nguvu, pale penye pezi lililochanika.

Hapo Kidoa alikimbilia kwenye ufa wa jiwe. Mbarouk alivuta kivuli mpaka kwenye boti, kikaanguka sakafuni kikiwa bado kinachezesha mkia.

Kwa muda hapakuwa na mwendo wowote kwenye jiwe lile. Kisha Kidoa akatoka, peke yake, akaanza kula. Alikula kwa pupa, na Mbarouk akashusha pumzi. "Anakula, Mkasi. Mwangalie. Yuko hai, anakula."

"Namwona."

Siti alikuja tena, safari hii polepole. Kidoa hakumfukuza. Siti alizunguka, akainama, akainama, akapiga mkia mara mbili, na mara tu mkia ulipopiga Kidoa alijipenyeza ndani ya ufa na kubaki humo, akitetemeka. Siti alingoja, akazunguka upya na kupiga mkia, na Kidoa akazidi kuingia ndani. Alipofanya mara ya tatu hata ncha ya pezi lake haikuonekana.

Ndipo Siti akaanza kupanda. Alipanda wima, juu ya jiwe, juu ya mwamba wote, akageuka huku na huku katika maji matupu. Kila mkalimani anaijua ishara hiyo, ndiyo ya kwanza kufundishwa: kitatange aliyepotezana na mwenziwe hupanda juu ili amwone aliko. Kidoa alikuwa mita mbili chini yake.

Mbarouk hakusema tena kwamba wako hai. Alikaa chini, mgongo kwenye tangi tupu.

Redio ililia. "Bondeni, Bondeni," ilikuwa sauti ya Bi Raya, na nyuma yake sauti za watu wengi, kamati nzima imejaa jukwaani. "Tupeni habari. Jozi ya Kumi na Saba imefika?"

Mkasi alivua glovu kwanza. Vidole vilikuwa vimekunjamana kwa jasho.

"Samaki wawili wamefika, Bi Raya."

"Alhamdulillahi!"

"Jozi haikufika."

Kelele za nyuma zilipungua. "Sijakufahamu, mwanangu."

"Hawajuani tena. Nimewaharibia salamu yao, na hawana nyingine. Mtoto hatazaliwa hapa. Tukivuta wote namna hii, Bondeni itajaa samaki, na baada ya miaka yao kwisha haitakuwa na hata mmoja."

Mbarouk alikuwa anamtazama.

"Na zile jozi arobaini?" Bi Raya aliuliza.

"Kesho asubuhi nitawauliza tena, kwa mkanda mweupe."

"Wakikataa watakufa, Mkasi."

"Watakufa. Lakini watakufa wakijuana."

Bi Raya akasema wanakijiji wako hapo, wanasubiri, na kwamba atawaambia yeye mwenyewe kuwa samaki hawataki.